Gauni la Mwaka Jana

Mwalimu alifika dukani kwa mama yake saa tatu asubuhi, akiwa na maboksi manne, gazeti la siku hiyo kwapani na uso wa mtu aliyekuja kutimiza wajibu tu. Duka lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu, meza ndefu ya kukatia vitambaa na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Nyuma ya pazia palikuwa na chumba kingine ambamo Fundi alilala na kupika. Fundi ndiye mama yake. Mtaa mzima ulimwita hivyo, na hata Mwalimu mwenyewe, akimtaja mbele za watu, alisema "Fundi" mara nyingi kuliko "mama yangu".

Ilikuwa wiki ile ya mwaka 2020 ambayo dunia ilisimama. Ugonjwa mpya ulikuwa umevuka bahari bila kuulizwa pasipoti, mipaka ikafungwa, ndege zikaegeshwa kama magari mabovu, na shule zikafungwa Jumatatu huku watoto wakishangilia. Hospitali ikatangaza kwamba upasuaji usio wa dharura uahirishwe, na macho ya Fundi, yote mawili yenye mtoto wa jicho, hayakuhesabiwa kuwa dharura. Mwenye nyumba naye alitaka vyumba vyake mwisho wa wiki. Mwanamke wa miaka sabini na miwili asiyeona vizuri hakuweza kuachwa peke yake katika hali hiyo, na hilo hata Mwalimu alilikubali.

Lililobaki ni aende wapi. Mwalimu alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, anakaa yeye na mumewe.

"Si tuna chumba?" mume alikuwa amesema, kwa uangalifu wa mtu anayeonja uji wa moto.

"Kina vitabu," Mwalimu akajibu, na mazungumzo yakafia hapo.

Akampigia simu Kaka, mtoto wa marehemu Mama Mkubwa, anayeishi mbali huko mashambani. Kaka alikubali bila kusita. Gari lingeondoka saa nane mchana. Baada ya hapo hakuna aliyejua lingine lingeruhusiwa lini, na kwa umri wa Fundi, kuagana siku hiyo kungeweza kuwa kuagana moja kwa moja. Mwalimu alilijua hilo vizuri sana, ila alijitia hamnazo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na maboksi mangapi?"

"Manne."

"Maisha yangu yote maboksi manne," Fundi alisema, akicheka kidogo. "Haya, si haba. Wengine wanaondoka na mfuko."

Mwalimu hakucheka. Aliweka gazeti juu ya meza, akakunja mikono ya blauzi, akaanza na vikombe.

Sasa, kabla hujasema kwamba Mwalimu ana roho ngumu, msikilize na yeye. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka saba. Mwanzoni mwa mwaka 1988, akiwa na miaka minane, mama yake alimkabidhi kwa dada yake, yaani Mama Mkubwa, kisha akaenda nchi nyingine kushona katika kiwanda cha nguo. "Mwaka mmoja tu, mama," alimwambia mtoto, akimfunga kamba za viatu. Mwaka ukaisha ukaja mwingine, na mwingine, mpaka ikatimia sita na ushee.

Mtoto yule alikuja kuwa mwalimu wa historia, tena yule ambaye wanafunzi humtania kwamba hajui alikoweka funguo zake lakini anajua mkataba gani ulitiwa saini saa ngapi. Na alijifunza mapema kuyapanga maisha yake kando ya mambo makubwa ya dunia, kwa kuwa hayo yalikuwa na tarehe na ya kwake hayakuwa nayo. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, yeye alikuwa na tetekuwanga na mama hayupo. Yule mfungwa wa Afrika Kusini alipotoka gerezani baada ya miaka ishirini na saba, majirani walijaa uani kwa Mama Mkubwa kuizunguka redio, wakarukaruka na kukumbatiana, na yeye alisimama mlangoni na wazo moja tu: hata huyo karudi kwao. Alikuwa na miaka kumi, na wazo hilo hakumwambia mtu.

Kila Desemba mama yake alituma gauni. Na gauni hilo halikumkaa hata mara moja. La kwanza lilikuwa pana kiasi kwamba watoto wa shule walimwita Hema, jina lililomganda mpaka sekondari. La pili lilimbana, likachanika kwapani siku ya kufunga shule, akiwa mbele ya wazazi wa wenzake anaimba. La tatu likawa kubwa tena, la nne likabana, na la tano likamwagika mabegani. Mtoto hakuhitaji kuambiwa. Aliona mwenyewe kwamba mama yake, mtu aliyesifiwa kwa kuwashonea watu wasiomhusu wakapendeza, hakujali hata kujua mwanawe ana ukubwa gani.

La sita, la mwaka 1993, hakulijaribu. Alilitoa mfukoni, akavuka ua na kumpa binti wa jirani. Mama Mkubwa aliona, akaguna, akaingia ndani.

Fundi aliporudi mwaka uliofuata, wiki ile ile Waafrika Kusini walipopanga foleni ndefu kupiga kura, alimkuta binti wa miaka kumi na minne aliyempa mkono kama mgeni. Alitoa futi yake, ule utepe wa kupimia, akasema, "Njoo nikupime, mama, nikushonee kitu kizuri." Binti akasema ana nguo za kutosha. Tangu siku ile sare zake zilishonwa na mafundi wengine. Gauni lake la harusi alilinunua likiwa tayari limetundikwa dukani. Fundi alikaa kiti cha mbele siku hiyo, akaona pindo limeshonwa ovyo ovyo, akameza maneno yake.

Ndivyo walivyoishi miaka ishirini na sita. Walitembeleana na kusaidiana, walizika pamoja, na hakuna aliyewahi kusikia wamegombana. Lakini Mwalimu hakuwahi kusimama mbele ya mama yake akapimwa.

Kufikia saa tano vyombo vilikuwa vimeingia boksi moja, nguo mbili, na la nne lilikuwa linasubiri vitu vya kazi. Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani, vidole vyake vikitembea juu ya mashine kwa mazoea.

"Mkasi usiuweke chini," alisema. "Juu kabisa. Nikifika nautaka."

"Utashona nini, Mama, na macho hayo?"

"Sijasema nitashona. Nimesema nautaka."

Mwalimu akauweka juu. Kisha akainama chini ya meza, akavuta furushi refu lililofungwa kwa ukanda wa kitambaa.

"Na hili?"

"Hayo magazeti ya zamani," Fundi alijibu upesi. "Tupa. Sijui hata kwa nini nimeyaweka."

Kumwambia mwalimu wa historia atupe magazeti ya zamani ni kama kumwambia paka atupe samaki. Alifungua fundo, akalaza furushi juu ya meza, na karatasi ya kwanza tu ikamchangamsha: Berlin, picha ya vijana wamekaa juu ya ukuta, mwezi wa kumi na moja mwaka 1989.

"Mama, unajua una hazina gani hapa?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na uhai. "Hili nitawapelekea wanafunzi. Wanadhani mambo haya yametungwa na mimi." Akafunua jingine: yule mfungwa, akitoka gerezani. Jingine lilikuwa na moto wa visima vya mafuta, vita vya Ghuba. "Yote haya umeyatunza!"

Vidole vya Fundi vilikuwa vimesimama juu ya cherehani.

Mwalimu alilinyanyua lile la Berlin ili alisome vizuri kwenye mwanga wa mlango, na hapo ndipo alipoona halikuwa ukurasa mzima. Lilikuwa limekatwa. Juu lilikuwa na mviringo wa shingo. Pembeni, mkato wa kwapa. Vijana wale walikuwa wamekaa juu ya ukuta uliopita katikati ya kifua cha mtoto.

Sasa akakumbuka jinsi mama yake alivyofanya kazi. Hakukata kitambaa moja kwa moja kama mafundi wenye haraka. Alikata kwanza gazeti, akaliweka juu ya kitambaa, akalizungushia chaki, na kila mteja gazeti lake lilitunzwa mpaka alipoacha kuja au kufariki. Mwalimu aliligeuza. Kwenye ukingo usio na maandishi kulikuwa na mwandiko wa penseli, mdogo, umefifia.

*Mwanangu. Miaka tisa, miezi kumi na moja. Bega inchi kumi? Dada anasema la mwaka jana lilikuwa kubwa. Punguza.*

Alilitafuta la kabla yake. *Mwanangu. Miaka minane, miezi kumi na moja. Bega inchi kumi na mbili? Nimempima mtoto wa mwenzangu wa chumbani, umri wao mmoja. Lakini huyu ni mnene.*

Lile la mfungwa: *Bega inchi kumi na tatu? Dada anasema lilibana, likachanika. Nimemwaibisha mtoto. Ongeza, ongeza.*

Kila namba ilikuwa na alama ya kuuliza. Bega, kifua, kiuno, urefu, mkono, na kando ya kila moja ile alama, nyingine zimekolezwa mpaka penseli ikatoboa karatasi. Mwalimu aliketi juu ya boksi la nguo, boksi likabonyea.

"Mama," alisema. "Haya magazeti ni mimi."

"Nilikwambia utupe," Fundi alisema.

Nje gari la matangazo lilipita likiwahimiza watu wanawe mikono na kukaa nyumbani.

"Dada yangu alijua mambo mengi," Fundi alianza, akiitazama ile sehemu ya mwanga ambako alijua mwanawe yuko. "Lakini futi hakuijua. Kwake vipimo vilikuwa viwili, kubwa na dogo. Barua zake hazikupita posta, zilipita mikononi mwa wasafiri, watu watatu wanne, mpaka zinifikie ni mwezi wa tatu au wa nne. Anasema kubwa, napunguza. Na wewe huku hukunisubiri, umeshakua. Anasema limebana, naongeza, naongeza kwa hofu, linakuwa tena hema."

"Ulijua waliniita Hema?"

"Dada aliandika. Hilo aliliandika vizuri kabisa." Alifuta macho yake kwa kiganja, na haikuwa kwa sababu ya mtoto wa jicho. "Habari za Berlin mimi nilizipata keshokutwa yake, ziko hapo gazetini. Habari za mabega yako nilizipata baada ya miezi mitatu minne. Kila mwaka nilikuwa namshonea mtoto wa mwaka jana."

Mwalimu alikuwa na swali ambalo alilibeba tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa amejiapiza kwamba hatalitoa mpaka anakufa, na sasa lilitoka lenyewe, tena kwa sauti ya kitoto iliyomtia aibu.

"Kwa nini hukurudi?"

Fundi hakulikwepa. "Mwaka wa kwanza niliongeza mkataba kwa ajili ya shule yako. Wa pili, hivyo hivyo. Hayo ningeweza kukudanganya kwamba ndiyo yote. Lakini kuanzia wa tatu niliogopa, mwanangu. Nilijiambia, mtoto nisiyejua hata bega lake, nikitokea atanikimbilia au atanikimbia? Nikasema, siku gauni likimkaa, nitaenda. Hilo ndilo neno nililojiwekea. Ujinga, najua. Lakini ukiwa mbali, peke yako, unajiwekea vineno kama hivyo na unavifuata kama sheria."

Mwalimu alifunua karatasi ya mwisho. Ilikuwa ya mwaka 1993, viongozi wawili waliokuwa maadui wanapeana mikono mbele ya kamera. Kwenye bega la karatasi hiyo kulikuwa na barua imeshikizwa kwa pini iliyoshika kutu. Mwandiko wa Mama Mkubwa, herufi kubwa zinazopanda kilima:

*Mdogo wangu, gauni limemkaa sawasawa, kama uliyempima mwenyewe. Rudi sasa.*

Mwalimu aliisoma mara mbili. Alimwona Mama Mkubwa kwenye ule ua, akiguna na kuingia ndani. Ndani, kumbe, alikuwa anakwenda kuandika.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyebaki duniani wa kumsuta; Mama Mkubwa alikuwa kaburini, na binti wa jirani alikuwa ameolewa mbali na ana watoto wake. Kwa muda mfupi alifikiri kwamba kunyamaza ndio wema. Lakini alikuwa ameshachoka na ukimya, na boksi lilikuwa linaendelea kubonyea.

"Mama, lile la sita sikulivaa. Sikulijaribu hata. Nilimpa binti wa jirani siku ile ile lilipofika. Mama Mkubwa alikudanganya."

Alingoja. Fundi aliinamisha kichwa polepole, kukubali.

"Najua."

"Unajua?"

"Siku niliyofika, kabla sijaingia ndani kwenu, nilimwona binti wa jirani anaanika nguo. Amelivaa. Kazi ya mikono yangu nisiitambue?" Alitabasamu kidogo. "Na lilimkaa, usipime. Nilisimama pale na mzigo wangu. Gari nililoshuka bado lilikuwa linapakia. Ningeweza kurudi."

"Mbona hukurudi?"

"Nilishafika. Ule uongo wa dada ulikuwa umenivusha mpaka na kunileta mlangoni, ningerudi tena kwa lipi? Nikasema, acha niingie, hata asiponitaka, angalau nitajua bega lake." Kisha akaongeza, "Hukuniacha nilijue. Lakini hilo haki yako."

Mwalimu alilia. Hakulia kwa ustaarabu wa walimu wanaojifuta pembe ya jicho kwa kitambaa. Alilia kwa kwikwi, akiwa amekumbatia karatasi zile kifuani, mpaka Fundi akasema, kwa hofu ya kweli ya fundi, "Utazichana, mama, zimezeeka hizo."

Simu ikalia. Alikuwa Kaka.

"Dada, mko wapi? Saa saba hii. Gari halisubiri mtu, na wifi yako ameshatandika kitanda."

Mwalimu alimtazama mama yake. Fundi alikuwa ameunyosha mgongo, mikono mapajani, kama abiria aliye tayari. Hakuomba kitu. Hakuwahi kuomba kitu, na Mwalimu aligundua kwamba hilo ndilo lililomkasirisha kwa miaka yote hiyo.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Mwambie wifi akitandue. Mama anakuja kwangu."

"Si ulisema hakuna nafasi?"

"Kuna vitabu. Vitahama."

Alikata simu. Fundi alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mwalimu hakumsogelea mara moja. Alifungua boksi la nne, akatafuta chini ya mkasi, akaitoa futi. Ilikuwa imechakaa, namba zimefutika. Tangu macho yalipoanza kumsaliti, Fundi alikuwa ameitia fundo dogo la uzi kila inchi, na fundo kubwa kila inchi tano, akawa anapima kwa kidole gumba. Ndivyo alivyoendelea kushonea watu miaka miwili bila wengi wao kugundua.

Akaiweka mikononi mwa mama yake, akageuka, akampa mgongo.

"Nipime."

Fundi alisimama akishikilia cherehani. "Sioni vizuri, mama. Nitakuharibia kitambaa."

"Nitakutungia uzi kwenye sindano. Nitakata mimi, wewe useme."

"Itachukua siku nyingi."

"Shule zimefungwa. Siku tunazo."

Mikono ikaja. Ilianza juu sana, kwenye masikio, ikashuka, ikapata shingo, ikakaa hapo. Ilikuwa mikavu na myepesi. Kisha ikafunguka taratibu kuelekea kulia na kushoto mpaka ikafika mwisho wa mabega, na hapo ikatulia kwa muda mrefu kuliko upimaji unavyohitaji. Mwalimu, mwanamke wa miaka arobaini mwenye wanafunzi mia mbili wanaomwogopa, alisimama wima bila kupumua.

Kidole gumba kilitembea juu ya mafundo, kikihesabu.

"Kumi na tano," Fundi alisema. "Na nusu. Andika."

Mwalimu alinyoosha mkono kwenye meza, akavuta gazeti la siku hiyo, lile lenye picha ya uwanja wa ndege usio na mtu hata mmoja. Akapata penseli. Kwenye ukingo mtupu akaandika, *Mwanangu. Miaka arobaini. Bega inchi kumi na tano na nusu.*

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeweka alama ya kuuliza?"

"Hapana, Mama. Sijaweka."